Magari ya spoti ya zamani, kutu na bahati nasibu ya hospisi: kwa nini klabu yetu hukataa zawadi nyingi

Sumaku (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wachache wenu mliniuliza ni kazi gani hasa ninayoifanya kila Jumamosi huku Uingereza katika banda la klabu ya magari ya zamani, nami nimeona ni afadhali nianzishe uzi wa peke yake kuliko kumjibu kila mtu kwa wakati wake.

Klabu yetu hupokea magari ya spoti ya zamani yanayotolewa bure na wenyewe, huyafufua kwa nguvu za wanachama wasiolipwa, kisha huyatoa kwa bahati nasibu au huyapeleka mnadani, na fedha inayobaki hukabidhiwa hospisi, yaani nyumba inayowatunza wagonjwa ambao hawatarajiwi tena kupona. Mengi tunayoletewa ni MGB, na baada yake Triumph Spitfire. Mtoaji huwa ni mjane, au mtoto aliyerithi nyumba pamoja na gereji ambayo mlango wake haujafunguliwa kwa miaka mingi. Gari lilisimama siku moja kwa sababu ya breki au klachi, mzee akasema atalishughulikia jua likitoka, na mwaka ule jua halikutoka vya kutosha.

Jambo linalowashangaza watu ni kwamba zawadi nyingi tunazikataa. Anayempigia simu katibu wetu akitaka kutoa gari la baba yake kwa ajili ya wagonjwa hutarajia kuambiwa asante, na badala yake huulizwa maswali kama mtu anayeomba mkopo. Mimi mwenyewe nilipojiunga nililiona hilo kuwa ni utovu wa adabu. Leo ninalitetea, na nitaeleza kwa nini.

Kuifufua MGB iliyooza huchukua mamia ya saa za kazi. Ukiipeleka kwa fundi anayetoza kwa saa, bili yake mara nyingi huizidi bei ambayo gari hilo litauzwa likiwa limekamilika na kung'aa, na ndiyo sababu magari haya hutelekezwa katika gereji za watu. Klabu hupata ziada kwa kuwa saa hizo hazilipwi. Kwa hiyo mchango mkubwa zaidi katika kila gari hautoki kwa aliyelitoa; unatoka kwa yule mhandisi mstaafu anayelala chali sakafuni katika baridi ya Februari akikwangua kutu, na saa zake zina kikomo, kama yeye mwenyewe anavyopenda kutukumbusha. Gari lililooza kupita kiasi, au la aina ambayo spea zake ni za kutafutwa kwa tochi, litameza saa za magari mawili na kuipa hospisi fedha isiyofikia ya gari moja.

Hapo ndipo MGB inapotufaa. Ilitengenezwa katika mji wa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na zikatoka zaidi ya 500,000, nyingi zikiuzwa Marekani. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 haina ujanja wowote wa kumtisha fundi aliyejifunza kwa Land Rover: chuma kizito, kabureta mbili za chapa ya SU katika nyingi zilizouzwa huku, na vali zinazorekebishwa kwa spana na kipimo cha unene. Spea karibu zote zinapatikana mpya. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza hata kutengeneza bodi mpya kamili za MGB, kwa kutumia mitambo ya kukandamizia bati iliyookolewa kutoka enzi za kiwanda, na bodi hizo ndizo zilizokuja kuwa msingi wa gari la MG RV8 la miaka ya 1993 hadi 1995. Ni magari machache yenye umri huo ambayo unaweza kununua mifupa yake ikiwa mipya.

Adui ni kutu. MGB haina chasi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasi, na nguvu zake zimo katika vizingiti, ile mihimili ya bati iliyokunjwa inayopita chini ya milango. Tope linalorushwa na matairi ya mbele hujikusanya ndani ya mbawa, yaani madigadi, nyuma kidogo ya gurudumu, likakaa humo na unyevu wake mwaka hadi mwaka, na bati likaliwa kwa ndani wakati rangi ya nje bado inapendeza. Kwa sababu hiyo, tunapokwenda kulitazama gari tunabeba vitu vitatu: bisibisi, tochi na sumaku. Sumaku huning'inia vizuri kwenye bati, lakini penye puti, ule mchanganyiko wa kuzibia mashimo ya bati, huanguka. (Msitishike ikianguka kwenye boneti ya MGB ya awali. Boneti hizo zilikuwa za aluminiamu, na mwanachama mmoja aliwahi kukataa gari zima kwa kosa hilo.) Baada ya hapo tunainua mazulia, tunatazama mahali springi za nyuma zinapoegemea, na visanduku vya betri nyuma ya viti, kwa maana MGB za miaka ya kwanza zilikuwa na betri mbili za volti 6 zilizofichwa huko, na asidi iliyomwagika humaliza bati haraka kuliko mvua.

Kosa letu kubwa nitalisema wazi. Katika mwaka wangu wa kwanza tulipokea MGB isiyo na paa, nyekundu, iliyotolewa na familia ya mwalimu aliyekuwa amefariki. Vizingiti vilikuwa vimeoza pande zote mbili. Tuliipandisha juu ya stendi, na kwa shauku ya kutaka kuona kazi inasonga tukavikata vyote viwili asubuhi moja, bila kuchomelea kwanza vyuma vya kuutegemeza uwazi wa milango. Gari lenye paa la bati lingeweza kustahimili kidogo. Lisilo na paa halina kitu kingine cha kulishika katikati. Tulichomelea vizingiti vipya kwa ustadi mkubwa, tukashusha gari, tukarudishia milango, na milango ikagoma kufunga: nafasi ya juu kati ya mlango na nguzo ilikuwa imebana, ya chini imepanuka, na bodi nzima imebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Tulikuwa tumekichomelea kile kibonyeo kikawa cha kudumu. Baada ya wiki nyingi za kubishana tulilikatakata kwa ajili ya spea, na mwenyekiti akaandika barua kwa familia ile kueleza kwamba gari la baba yao halitarudi barabarani. Walijibu kwa upole sana, jambo lililotuumiza zaidi. Tangu siku hiyo hakuna anayeshika mashine ya kukatia kabla vyuma vya kutegemeza havijafungwa na vipimo vya milango havijaandikwa ukutani kwa chaki.

Mambo mengine nitayataja kwa kifupi. Breki na klachi za zamani huweza kuwa na asbesto, iliyopigwa marufuku huku mwaka 1999, kwa hiyo vumbi lake halipulizwi kwa upepo wa kompresa bali hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi zina kemikali za isosayaneti zinazoharibu mapafu, na anayezipuliza anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Sisi hatuna vifaa vya namna hiyo, hivyo bodi hupelekwa kwa mpaka rangi mkarimu mwenye leseni, anayetutoza gharama ya vifaa tu. Mipira ya mafuta hubadilishwa yote, kwa kuwa petroli ya kawaida ya E10, iliyoingia vituoni hapa Septemba 2021, ina ethanoli inayoilainisha mipira ya kale mpaka ikavuja.

Karibuni kwa maswali.

Mjukuu wa Gerezani

Mkuu Sumaku, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi salaam. Nimelelewa katika kelele za nyundo za Gerezani, Kariakoo, na ninakiri kwamba niliposoma habari ya mamia ya saa nilicheka peke yangu, kwa sababu ninawajua mafundi ambao wangekata kipande cha bati, wakakikunja kwa mkono mpaka kikafanana na kizingiti cha kiwandani, na wakakirudisha mahali pake kabla chai ya saa nne haijapoa. Je, hamuoni kwamba mnajitesa kwa kutaka ukamilifu?

Swali langu la pili linahusu fedha. Umesema bahati nasibu. Nani anahakikisha kwamba tiketi hazikuuzwa kupita kiasi, na kwamba gari halikwenda kwa shemeji wa mwenyekiti?

Sumaku

Marahaba, ndugu yangu, nadhani nimekuzidi.

Kuhusu mafundi wa Gerezani sina ubishi hata kidogo, na ningelipa nauli ya mmoja wao aje kutufundisha kukunja bati. Ila gari tunalolitoa linakwenda mikononi mwa mtu tusiyemjua, ambaye pengine ataliendesha na watoto wake kwa kasi ya barabara kuu. Huku gari lililotimiza miaka 40, ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka tangu Mei 2018. Kisheria tungeweza kumpa mshindi funguo bila mkaguzi yeyote kulitazama. Sisi hulipeleka kukaguliwa hata hivyo, kwa hiari, kwa sababu jicho la mtu ambaye hakushiriki kuchomelea huona mambo ambayo sisi tumeshayazoea. Katika Spitfire ya mwisho mkaguzi alikuta bomba la breki limepita karibu mno na ekzosi. Tulikuwa watu wanane tuliopita chini ya gari lile, na hakuna aliyeliona.

Kuhusu fedha, sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2005 inairuhusu jumuiya isiyo ya faida kuendesha bahati nasibu ndogo ikiwa imejiandikisha kwa halmashauri ya eneo lake. Mauzo ya tiketi kwa droo moja hayaruhusiwi kuzidi pauni 20,000, na kwa mwaka mzima pauni 250,000. Ukivuka hapo unahitaji leseni ya tume ya taifa. Angalau asilimia 20 ya mapato lazima iende kwenye lengo la hisani, na baada ya droo jumuiya hupeleka hesabu halmashauri ikionyesha kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Asilimia 20 ni kiwango cha chini mno kwa maoni yangu, na yeyote anayenunua tiketi ya gari popote pale angepaswa kuuliza kiasi kinachofika kwa wagonjwa kabla hajatoa noti. Kwa upande wetu zawadi yenyewe ilitolewa bure na kazi haikulipwa, kwa hiyo kinachotoka ni gharama ya spea, rangi, bima ya banda na uchapaji wa tiketi. Wanachama na familia zao wamekatazwa na kanuni za klabu kununua tiketi. Shemeji wa mwenyekiti, kwa hiyo, itambidi anunue gari lake dukani.

Kuna jambo dogo linalowachanganya wengi: mnunuzi wa tiketi hawezi kuiombea hospisi nyongeza ya kodi iitwayo Gift Aid, ambayo serikali huongeza pensi 25 kwa kila pauni iliyochangwa, kwa kuwa tiketi ni ununuzi wa bahati. Anayetaka nyongeza hiyo ifike atoe mchango wa moja kwa moja, hata kama hatapata nafasi ya kushinda gari.

Mwana wa Houston

Huku Marekani sheria ya kodi inagusa moja kwa moja suala la kufufua gari, na nadhani itakuvutia, Ndugu Sumaku. Mtu akitoa gari la thamani inayozidi dola 500 na shirika likaliuza lilivyo, kwa kawaida nafuu ya kodi anayoweza kudai haizidi bei halisi lililouzwa. Hali imekuwa hivyo tangu mwaka 2005, baada ya watu kuzoea kutoa vyuma chakavu na kudai thamani ya gari zima. Lakini shirika likilifanyia matengenezo ya maana kabla ya kuliuza, mtoaji anaweza kudai thamani ya soko ya siku alipolitoa. Kusafisha, kupaka rangi na kunyoosha vibonyeo havihesabiwi kuwa matengenezo ya maana. Kwa hiyo mashirika ya huku hupenda kuuza haraka, na kazi kama yenu hufanywa na wachache.

Mfano mkubwa ninaoujua ni ule wa magari 36 ya spoti aina ya Corvette. Mwaka 1989 kituo cha televisheni cha VH1 kilichezesha shindano ambalo zawadi yake ilikuwa Corvette moja ya kila mwaka wa toleo kuanzia 1953 hadi 1989. Zilikuwa 36 badala ya 37 kwa sababu hakuna Corvette ya mwaka 1983 iliyouzwa kwa umma. Aliyeshinda alikuwa seremala wa Long Island, naye aliyauza yote kwa msanii Peter Max, aliyekusudia kuyapaka michoro yake. Hakuyapaka. Magari yalihamishwa kutoka gereji moja ya New York hadi nyingine kwa takriban miaka 25 yakikusanya vumbi, mpaka familia mbili zilipoyanunua na kuyakabidhi kwa mafundi, na mwaka 2020 yakatolewa kwa washindi mmoja mmoja katika bahati nasibu iliyouchangia mfuko wa elimu wa Walinzi wa Taifa. Tazama basi, hata Corvette ya 1953, mwaka ambao zilitengenezwa 300 tu, inaweza kusahaulika gerejini.

Binti wa Mvita

Kaka Sumaku, nimeufuata uzi huu kwa makini. Kenya tuna historia ya magari ya spoti inayozidi ile ya nchi nyingi. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kwa nini basi hatuna klabu nyingi za kufufua magari kwa ajili ya hospitali zetu, ilhali mafundi tunao na kazi yao ni ya bei nafuu?

Sumaku

Dada yangu, jibu lako limo nusu katika swali lako. Kazi ikiwa nafuu, gari haliachwi likaoza gerejini kwa miaka 30. Hutengenezwa, huuzwa, hutengenezwa tena, na mwishowe huliwa spea hadi ibaki bodi tupu. Huku tunaletewa magari kwa sababu ufundi ni ghali. Tena 240Z yenyewe, ukiipata, bei yake leo iko juu kiasi kwamba familia yoyote yenye busara itaiuza badala ya kuitoa, na nisingeilaumu. Nusu ya pili ni uagizaji: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo huwezi kutegemea magari ya kutoka nje.

Kama ningekuwa Mombasa ningeacha magari ya spoti nikatafuta Peugeot 504 na Land Rover za mashamba na misheni. Zipo, mafundi wanazifahamu gizani, na wapo watu wengi ambao baba zao walifundishwa kuendesha ndani ya hizo. Mtu hununua tiketi ya gari analolikumbuka.

Mpangaji wa Leicester

Mzee Sumaku, nina jambo la haraka. Jirani yangu, mama wa Kiingereza wa miaka zaidi ya 80, ana Triumph Stag ya marehemu mumewe gerejini na amesikia kwangu habari za klabu yenu. Anataka ichukuliwe wiki hii, maana nyumba inauzwa. Haijawashwa kwa muda mrefu. Nimwambie nini?

Sumaku

Stag ni gari ninalolipenda na ninaloliogopa. Ilitengenezwa kati ya 1970 na 1977, na injini yake ya V8 ya lita 3.0 haikutumika katika gari jingine lolote la Triumph. Ilipata sifa mbaya ya kuchemka, vichwa vya silinda vya aluminiamu vikipinda, na minyororo ya kuendeshea vali ikilegea. Spea zipo, kwa kuwa wenye Stag ni watu waaminifu kwa gari lao, ila zina bei, na saa zetu za mwaka huu zimeshagawanywa. Sitakuahidi kwamba tutaipokea.

Mwambie mama asimpe mtu yeyote kadi ya gari, ambayo huku huitwa V5C, mpaka mtekelezaji wa wosia au msimamizi wa mirathi atakapothibitisha kwamba mama huyo ana haki ya kulitoa gari. Tumewahi kupokea gari ambalo nusu yake ilikuwa ya kaka aliyeko Australia. Asiruhusu mtu kujaribu kuliwasha kwa betri ya kuazima, hata kwa nia njema, kwa sababu maji ya rejeta yaliyokauka na mnyororo uliolegea vinaweza kuimaliza injini katika dakika moja. Atafute risiti za zamani katika droo za mumewe. Risiti ya kubadilisha mnyororo ikipatikana, nafasi yake kwetu inaongezeka sana, na tusipoweza kuichukua nitawapigia wenzetu wa klabu ya Stag, wenye ujuzi wa injini hiyo kuliko sisi.

Nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha, usiiandike hapa. Nitafika Jumamosi saa tatu asubuhi na mwenzangu mmoja. Tochi na bisibisi ninazo. Sumaku yangu aliondoka nayo mtu wiki iliyopita, kwa hiyo kama una moja kwenye mlango wa friji, tafadhali njoo nayo.